Mduara wa tangazo haujui bahari: niliyojifunza kutangaza biashara ndogo Lamu

Tangazo langu la kwanza la kulipia nililiweka Jumatano moja usiku, nimekaa barazani, bando linakaribia kuisha. Nilikuwa nimepiga picha ya sinia la biriani ya samaki, nikaandika maneno machache ya Kiingereza kwa kuwa niliona wengi wanaandika hivyo, kisha nikabonyeza kile kitufe cha kukuza posti kwenye Facebook na kulipa shilingi 2,000 kwa siku saba. Alfajiri simu haikunyamaza: fulani amependa, fulani amependa. Nikamwita mama aje aone. Kufikia Ijumaa, siku yenyewe ya biriani, waliopenda walikuwa mamia. Waliotoa oda walikuwa watatu, na wote ni majirani ambao wangenunua hata bila tangazo.

Nilipoyafungua majina nikakuta Kisumu, Nakuru, Kitale. Watu wema, na naamini walimaanisha waliposema chakula kinatamanisha. Lakini aliye Kitale hawezi kununua sahani ya biriani Langoni, mtaa wa hapa Lamu mjini. Mahali pa kuchagua walengwa nilikuwa nimeacha Kenya nzima, na pale mfumo unapouliza unataka nini kutokana na tangazo, sikugusa kitu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mfumo hukutafutia kile ulichouomba. Ukiomba watu wapende posti, utaletewa watu wenye mazoea ya kupenda posti. Ukiomba ujumbe wa WhatsApp, utaletewa wanaoandika ujumbe. Hawa ni watu tofauti kabisa, na wa pili ndio wanaokula.

Nyumbani kwetu kuna biashara mbili. Mimi napika kwa oda: biriani na pilau siku za Ijumaa, sambusa, mahamri, mkate wa sinia, na chakula cha shughuli ndogondogo. Kaka yangu ana mashua. Anachukua wageni kwenda Manda Toto kuogelea kwenye matumbawe, Takwa kuona magofu, na jioni kutembea tu mpaka jua lizame. Tangu mwanzo mimi ndiye mwenye kutangaza zote mbili, na kwa muda mrefu nilizitangaza kwa namna moja, posti ileile kwa watu walewale. Ikanichukua karibu mwaka kuona kosa. Mtu anayeamua kula biriani yangu anaamua akiwa Mkomani au Langoni, Alhamisi jioni, anapowaza kesho familia itakula nini. Mtu anayeamua kupanda mashua ya kaka anaamua akiwa Nairobi, wiki tatu kabla, siku anayokata tiketi ya ndege ya kuja Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege. Pesa ya tangazo lazima imfuate mteja hadi pale anapoamulia. Tangu nilipolishika hilo, mambo mengine yote yalikaa sawa.

Niseme kwanza kuhusu chakula. Ukitangaza Facebook au Instagram unaweza kuweka alama kwenye ramani na kuchora mduara kuizunguka, ili tangazo lionekane ndani ya mduara tu. Nilifurahi sana nilipogundua hilo. Nikaweka alama karibu na ngome na kuvuta mduara mpana kidogo ili nipate watu wa kutosha. Ujumbe wa kwanza ukatoka Mokowe, ng'ambo kule bara. Dada mmoja anataka sahani sita, anauliza zitafika saa ngapi. Kwenye ramani Mokowe ni hapo tu. Kwa mwenye kubeba sinia ni kushuka gatini, kungoja boti, nauli, kuvuka, na chakula kupoa. Mduara haujui bahari. Ikabidi nimwombe radhi, na iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimelipa ili nimkatalie. Siku hizi naupunguza mduara mpaka ubaki mjini na Shela, na ndani ya tangazo naandika wazi: tunapeleka Lamu mjini na Shela.

Lakini niwe mkweli: kwa chakula, tangazo la kulipia si nguzo yangu. Kaunti yote ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019, na hao wametapakaa toka Mpeketoni hadi Faza na Kiunga. Wateja wangu wa kweli ni mitaa michache. Mtaa mdogo unaufikia kwa WhatsApp, bila malipo, ukifanya kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Stetasi yako ya WhatsApp huonekana na mtu aliyehifadhi namba yako na wewe ukahifadhi yake. Vilevile ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, ambayo mwisho wake ni watu 256, humfikia tu aliyekuhifadhi. Kwa hiyo mteja anayenunua mara moja akaondoka bila kuhifadhi namba ni mteja uliyempoteza hata kama alikisifu chakula. Mimi kila kifuniko nakibandika karatasi ndogo yenye namba na maneno haya: "Nihifadhi, Alhamisi nitakwambia kesho kuna nini." Kijana anayepeleka anamkumbusha mteja mlangoni. Hiyo karatasi imeniletea zaidi ya tangazo lolote nililowahi kulipia. Usimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza, hata akiwa shangazi yako. Atatoka, na akitoka ataona haya kurudi kununua.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure, na ina mahali pa kupanga vyakula vyako na picha na bei. Weka bei. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona wenzangu wengi wanaandika "bei njoo inboksi". Mtu mwenye ndaa, kama tunavyosema sisi Waamu, hataki mazungumzo. Anataka kujua kama mia nne zake zinatosha. Ukimficha bei anadhani ni ghali, au anadhani utampima kwa sura yake, na yote mawili yanamfukuza.

Lugha nayo. Nilipoacha Kiingereza nikaandika "Kesho biriani ya nguru ipo. Oda mwisho Alhamisi magharibi," oda zikaja. Maneno yale yanamwambia mtu kuna nini, lini, na mpaka saa ngapi. Hakuna zaidi anachohitaji.

Ramadhani ina adabu yake. Mwaka wa kwanza niliweka picha za sambusa na kaimati saa saba mchana. Bibi yangu akanipigia: mwanangu, watu wamefunga. Alikuwa na haki. Sasa naweka baada ya tarawehe, watu wameshakula na wametulia, wanazungumza kuhusu futari ya kesho. Na kweli saa hiyo ndiyo oda zinakuja nyingi, maana ndiyo saa ya kupanga.

Picha napiga barazani saa nne asubuhi, kabla jua halijawa juu ya vichochoro. Nafuta kioo cha kamera kwa kitambaa safi, kwa sababu simu ya mpishi ina mafuta daima na picha hutoka na ukungu. Sipigi sinia zima kutoka juu tena. Nasogea hadi punje za wali zionekane, zile zilizoshika zafarani na zile nyeupe, na kipande cha samaki kilichochanwa kidogo.

Mashua ni jambo jingine. Hapo ndipo pesa ya tangazo ina kazi, kwa kuwa mteja yuko mbali na hatujui jina lake. Alama ya ramani tunaiweka Nairobi. Umri tunaanzia miaka 25, na tunachagua watu wanaopenda kusafiri. Tangazo linamfungulia WhatsApp moja kwa moja. Kwanza tulitumia bango: picha sita ndogo, namba tatu za simu, rangi nyekundu na manjano, kila kitu kimebanwa. Halikuleta kitu. Kisha siku moja nilimpiga kaka video ya sekunde 18 akipandisha tanga na mabaharia wawili. Unaona mikono na kamba, unasikia foromali, ule mti unaobeba tanga, ikilia kwenye mlingoti, halafu tanga linashika upepo na mashua inalala upande. Sikuweka muziki. Video ile ndiyo iliyotujazia Desemba. Nadhani ni kwa sababu aliye ofisini Nairobi anausikia ule mlio na anaijua safari kabla hatujamweleza. Zile sekunde tatu za kwanza ndizo zinazoamua kama mtu atasimama au atapita, kwa hiyo anza na kamba mkononi, usianze na jina la biashara.

Pia tukajifunza kutangaza kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Takwa inafikika vizuri kwa mashua maji yakiwa yamejaa, kwa maana unapita katikati ya mikoko. Sasa tunaangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, tunataja tarehe ambazo maji yatajaa asubuhi, na tangazo linasema: safari ya Takwa ni siku hizi nne tu mwezi huu. Si ujanja wa kumharakisha mtu, ni kweli ya bahari, na mgeni anaheshimu kweli. Mei hatutangazi kabisa. Mvua za masika ni kubwa, hoteli nyingi zinafunga, na kusi linaanza kushika. Kutangaza mashua Mei ni kumwaga pesa baharini.

Kosa letu kubwa halikuwa kwenye tangazo. Namba iliyokuwa kwenye tangazo ilikuwa ya kaka. Siku moja mwezi wa Februari alikuwa na wageni Manda Toto tangu asubuhi, mtandao huko wa kubahatisha, na tangazo linaendelea kula pesa. Alirudi magharibi, akaweka nanga, akafungua simu amesimama ndani ya maji hadi magotini. Ujumbe kumi na mmoja. Akaanza kujibu mmoja mmoja. "Asante, tumeshapata mtu mwingine." "Asante, tumepata." Nilimwona uso wake, na sitaki kuuona hivyo tena. Tangu siku hiyo namba ya matangazo inakaa kwangu, na tangazo linawashwa siku ambazo mimi niko na simu. Anayeuliza habari ya safari anauliza manahodha watatu kwa pamoja, na mara nyingi anakwenda na aliyejibu kwanza kwa ukamilifu: bei, muda, chakula kimo au hakimo, arubuni kiasi gani na inalipwa vipi.

Hesabu nazifanya kwa daftari. Kila anayepiga namuuliza, "Umetuonea wapi?" na naandika. Chukua sahani ya shilingi 400 ambayo faida yake ni 120. Tangazo la shilingi 500 likileta sahani tatu, umepata 360 na umepoteza 140, hata kama posti imependwa na dunia nzima. Likileta mteja mmoja anayerudi kila Ijumaa kwa miezi miwili, limejilipa na kuzidi. Ndiyo maana naandika na majina, ili nijue nani alirudi. Na ukishaweka tangazo, liache. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, inauza nafasi za matangazo kwa mnada, na mfumo wake unahitaji kama matokeo 50 (kwa tangazo la WhatsApp, ujumbe 50) kwa wiki ili utulie na kujua nani wa kumwonyesha. Sisi wadogo hatufiki huko. Kwa hiyo pesa kidogo iweke kwenye tangazo moja, usiigawe kwa matano, na usilibadilishe kila asubuhi kwa wasiwasi.

Kuna kijana alikuja akajiita mtaalamu wa mitandao. Akatuuzia wafuasi 5,000. Walikuja kwa siku mbili, majina ya nchi tusizozijua, na tangu hapo posti zetu zikawa hazionekani na wateja wetu wenyewe, maana hao 5,000 hawagusi kitu na mfumo unaona posti haina mvuto. Kibaya zaidi, ukurasa aliufungua kwa jina lake. Kuurudisha ilikuwa kazi ya wiki. Ukurasa ufungue mwenyewe, kwa simu yako, na uweke ulinzi wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa pili wa kuthibitisha ni wewe. Msaidizi unaweza kumpa ruhusa ya kuposti na kumwondoa siku ukitaka.

Jambo la picha za watu nalichukulia kwa uzito. Mji wetu una stara yake, na mwanamke anayepita kichochoroni na buibui lake si pambo la tangazo lako. Kwa wageni, kaka anawauliza gatini kabla ya kung'oa nanga, na akikataa mmoja, hapigi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, na mwaka 2023 sehemu moja ya starehe Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kwa faini kama hiyo sisi tungeuza mashua.

Sasa mashua imepandishwa ufukoni, fundi anatia kalafati kuziba nyufa za mbao, na tanga jipya linashonwa. Video tutaipiga upya likishapanda. Tangazo la Nairobi litaanza wiki ya pili ya Novemba, kaskazi likikaribia kuingia, na simu itakuwa mkononi mwangu.