Wasomaji Wanauliza: Kulala riokani mjini Tokyo

Riokani ni nyumba ya wageni ya asili ya Kijapani. Chumba kimetandikwa mikeka minene iitwayo tatami, godoro hutandikwa sakafuni usiku na kukunjwa asubuhi, na mara nyingi bei huwa na mlo wa jioni na wa asubuhi ndani yake. Kwenye tovuti za malazi utaiona imeandikwa ryokan. Barua zifuatazo zimetoka kwa wasomaji wa kanda ya kati.

Habari za kazi, wahariri. Naenda Tokyo kwa mafunzo, na usiku wa kwanza nataka kulala riokani mtaa wa Asakusa. Ndege inatua Narita saa kumi na moja jioni. Nimeona bei ya yeni 12,000 pamoja na chakula. Je, nilipie? – Mtumishi wa umma, Mtumba, Dodoma

Ndugu yetu, lipia, lakini usiku huo usichukue chakula cha jioni. Riokani hupokea wageni kuanzia saa tisa alasiri, na mezani watu huketi kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu jioni. Chakula hupikwa kwa hesabu ya wageni waliotarajiwa, sahani ndogo ndogo zikifuatana, na mpishi hakai jikoni hadi usiku kumngoja mmoja. Wewe ukitua saa kumi na moja, foleni ya pasipoti na mizigo inaweza kula saa nzima au zaidi. Narita iko kilomita 60 hivi nje ya Tokyo. Treni ya moja kwa moja hadi Asakusa ni kama saa nzima. Utafika saa mbili usiku meza imeshafutwa, na pesa ya chakula hairudi.

Kwa hiyo tafuta neno *sudomari*, yaani kulala tu. *Ippaku nishoku* ni usiku mmoja na milo miwili. Zipo pia nyumba zinazotoa kifungua kinywa peke yake: wali, supu ya miso, samaki wa kuchoma na kachumbari za chumvi. Huo tunakushauri usiukose.

Kuhusu bei, kwa kawaida riokani huhesabu kwa kichwa, si kwa chumba. Ukiongozana na mwenzako kwa siku mbili, yeni 12,000 inakuwa 48,000, na wengi hushtukia hilo wakiwa mapokezi. Soma kama pameandikwa kwa mtu au kwa chumba. Bahashishi haitolewi.

Jambo moja linawaangusha Watanzania wengi: saa. Unapowaandikia muda wa kufika, tumia saa za tarakimu 24. Saa mbili usiku iwe 20:00. Ukiandika 2:00, watakuelewa vingine kabisa. Uliza pia mlango hufungwa saa ngapi, maana riokani ndogo za familia nyingine hufunga saa nne au saa tano usiku. Ukichelewa njiani, piga simu. Usipotokea bila taarifa, mara nyingi hutozwa gharama yote.

Mapokezi watachukua nakala ya pasipoti yako. Usiwe na wasiwasi, sheria inawataka kufanya hivyo kwa mgeni asiye na makazi Japani. Na kwa kuwa maombi ya viza katika ubalozi wa Japani, Dar es Salaam, huhitaji ratiba inayoonyesha utakapolala, chagua malazi unayoweza kuyafuta bila gharama hadi viza itoke.

Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tutalala riokani siku tatu. Chakula chao tunaweza kula? Na kuswali chumbani inaruhusiwa? – Dada wa Kondoa

Wa alaykum salaam, dada. Nguruwe ni rahisi kumkwepa kwa kusema mapema. Kazi iko kwenye viungo visivyoonekana: mirin, kiungo kitamu chenye pombe, na sake ya kupikia, yaani pombe ya mchele, huingia kwenye michuzi, samaki wa kuchoma na hata mboga za kuchemsha. Kumwambia mpishi "hatuli nyama" hakutoshi. Taja pombe ya kupikia kwa jina lake, na useme wakati wa kuweka nafasi, si mkiwa mmeshaketi, kwa sababu michuzi hiyo huandaliwa mapema. Wakijibu kwamba hawawezi, hilo ni jibu la uaminifu. Chukueni *sudomari* na mle nje. Asakusa ina migahawa ya halali.

Kuswali hakuna shida, tatami haikanyagwi kwa viatu. Huko Kondoa mnaelekea kaskazini; Tokyo kibla ni magharibi, ikipinda kidogo kaskazini. Udhu uchukulieni bafuni na mjifute miguu vizuri kabla ya kurudi, kwani tatami ikilowa huota ukungu.

Shikamooni. Nimesikia watu wanaoga pamoja uchi. Naona haya sana. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Kwanza, hulazimiki. Riokani nyingi za mjini zina vyumba vyenye bafu lake, na nyingine zina bafu dogo la kukodi au la kuingia kwa zamu, unajifungia kwa ndani. Ulizia *kashikiri*.

Ukiamua la pamoja, wanaume wana upande wao na wanawake wao. Pazia fupi la mlangoni lina herufi: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Isome kila unapoingia, usikariri upande, kwa sababu nyumba nyingine hubadilisha pande hizo kati ya usiku na asubuhi.

Nguo zote unaziacha kikapuni chumba cha kwanza, unaingia na taulo dogo. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Ndani utakuta mabomba ya chini, na kwenye kila bomba kigoda na beseni. Keti, jisugue kwa sabuni mwili mzima, jisuuze hadi povu liishe kabisa, kisha suuza na kigoda. Hapo ndipo unaingia kwenye hodhi. Maji yale yale yanatumiwa na wageni wote wa jioni hiyo. Ni ya kuupa mwili joto, si ya kujisafisha. Mtu wa Dodoma anayejua uzito wa ndoo ya maji ataelewa haraka kwa nini kuyachafua ni kosa kubwa. Taulo lisiguse maji, nywele ndefu zifungwe juu, na kizibo cha hodhi usikichomoe unapotoka.

Joto huwa nyuzi 40 hadi 42. Tanguliza miguu, kaa dakika tano hivi, toka polepole. Anayenyanyuka ghafla hupata kizunguzungu. Ukiwa na tatuu, uliza kabla, kwani mabafu mengi ya pamoja hayakubali.

Ukitoka, vaa yukata, joho la pamba utakalolikuta chumbani. Upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia, kisha funga mkanda. Kulia juu ya kushoto ndivyo wanavyomvika maiti, hivyo hakikisha kwenye kioo.

Nampeleka mama yangu, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Sakafuni ataweza? – Singida

Kulala ataweza, kuinuka ndiyo kazi. Tafuta chumba cha mchanganyiko, *wayoshitsu*, chenye kitanda na eneo la tatami. Kikikosekana, omba godoro la pili chini ya la kwanza na kiti cha kulia chakula. Uliza na lifti, nyumba za zamani hazina. Mama avue kandambili za ndani kabla ya kukanyaga tatami, na za chooni zibaki chooni. Sanduku la magurudumu libebwe, lisiburutwe: magurudumu hukata nyuzi za mkeka.

Chaja zetu zinaingia? – Manyoni

Soketi za Japani ni za pini mbili bapa, volti 100. Nunua adapta. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi. Pasi au hita ya maji ya volti 230 iache nyumbani, haitapata moto wa kutosha.