Kabla ya Bei, Geuza Zulia Uone Mgongo

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi na mume wangu tunatafuta zulia la sebuleni hapa Mombasa. Muuzaji mmoja anashikilia kwamba lake limefumwa kwa mkono Iran, na bei aliyotutajia imetutoa jasho. Nitajuaje kama ni kweli? Na kwani zulia lina kazi gani hata liwe ghali hivyo?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie akugeuzie. Nimezeeka nikifua na kushona mazulia ya watu hapa Mji wa Kale, tangu enzi za majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yakishusha tende na mazulia, na hadi leo naanza na mgongo.

Zulia la mkono halifichi mgongo wake. Ua lililoko juu utalikuta na chini, rangi kwa rangi, na kila nukta ni fundo. Safu hazilingani sawasawa: hapa zimebanana, pale zimelegea kidogo. Ukikuta mgongo umefunikwa kwa kitambaa kilichogandishwa, ujue nyuzi zimechomekwa kwa mashine ya sindano na kushikwa kwa gundi. Mashine hiyo pengine ilishikwa na mtu, ndiyo maana wengine huliita la mkono, lakini fundo hakuna. Tazama na matamvua. Kwenye zulia la kufumwa, hizo ni ncha za mtande wenyewe, yaani nyuzi za urefu zinazobeba mafundo. Yakiwa yameshonewa ukingoni, uliza kwa nini. Mazulia ya zamani nami huyashonea matamvua mapya ya kwanza yakikatika, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake.

Sasa kazi yake. Nyuzi za mtande, mara nyingi za pamba, huvutwa zikakaza kwenye kitanda cha kufumia. Mfumaji huchukua uzi wa sufu, akauzungusha kwenye nyuzi mbili za mtande zilizo jirani, akauvuta chini, akaukata kwa kisu. Hilo ni fundo moja. Fundo la Kituruki huzikumbatia nyuzi zote mbili. La Kiajemi huzunguka mmoja na kupita tu nyuma ya mwenzake, ndiyo maana hupendwa kwa maua yenye mikunjo midogo. Safu ikiisha hupitishwa mshindio, yaani uzi wa kukingama, ukagongwa kwa kitana kizito hadi ushuke. Mwishoni manyoya hukatwa kwa makasi yawe sawa.

Ufundi huu ni wa kale sana. Mwaka 1949 wachimbaji walikuta zulia ndani ya kaburi lililoganda barafu huko Pazyryk, milima ya Altai, Siberia. Lina zaidi ya miaka 2,000, na kila eneo la sentimita 10 kwa 10 lina mafundo yapata 3,600. Lakini ninalolipenda mimi ni zulia la Ardabil, Iran, lililoko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Lina mafundo yapata milioni 26 ya sufu juu ya mtande wa hariri, na upande mmoja limefumiwa maandishi kwamba ni kazi ya Maqsud wa Kashan, aliyejiita mtumwa wa mlango, na mwaka 946 Hijria, yaani 1539 au 1540.

Kama una jamaa Muscat, waombe wakupigie picha ya zulia la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Wanawake 600 wa Khorasan, Iran, walilifuma kwa miaka minne: mafundo bilioni 1.7. Yananiuma majina yao hayatajwi kama la Maqsud. Ukitaka kujua bei inatoka wapi, inatoka kwenye vidole vyao.

Jambo la mwisho ni rangi. Zamani sufu ilichemshwa na shabu ili rangi ishike. Nyekundu ilitoka kwenye mizizi, buluu kwenye nili. Siku hizi nyingi ni za kiwandani, na nyingine ni nzuri tu. Wewe lowesha kitambaa cheupe, ukamue, usugue sehemu nyekundu polepole. Kikichukua rangi, usinunue hata kama mafundo ni ya kweli, kwani siku utakayoniletea nilifue, nyekundu itaingia kwenye nyeupe na sitaweza kuitoa.