Binti anasoma Kifaransa kwa sauti lakini haelewi: jibu langu kwa mama wa Kadutu

Mama, shikamoo. Umesema binti yako yuko mwaka wa pili wa shule ya msingi, anasoma ukurasa mzima wa Kifaransa bila kukwama, ila ukimuuliza ukurasa unahusu nini anakutazama tu. Waliotangulia wamekushauri umtafutie mwalimu wa jioni, umwongezee kurasa, na mmoja amesema umchape kidogo. Mimi niko mwaka wa mwisho wa masomo ya ualimu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (RDC), na mazoezi ya kufundisha nimeyafanyia huko huko kwenu Kadutu, upande mmoja wa mji huu. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo hili ndilo lililonivuta kwenye kazi hii.

Ninavyoamini, mtoto hujifunza vizuri anapopewa nafasi ya kusema anachofikiri, kwa lugha anayofikiria, mbele ya mtu anayemsikiliza mpaka mwisho. Binti yako hana tatizo la akili. Kile alichofundishwa, yaani kutamka, amekishika barabara. Bado hajaonyeshwa kwamba maandishi yana mtu ndani yake anayesema kitu.

Nitoe mfano. Kuna jaribio maarufu la Jean Piaget, mtaalamu wa saikolojia ya watoto kutoka Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1896. Unatia maji sawasawa katika vyombo viwili vinavyofanana, mtoto anakubali kwamba ni sawa, kisha maji ya chombo kimoja unayahamishia kwenye chombo kirefu chembamba. Watoto wengi walio chini ya miaka 7 hivi watakuambia kile kirefu kina maji mengi zaidi. Darasani glasi hatukuwa nazo, tulitumia makopo mawili ya nyanya na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo. Msichana mmoja, ambaye mama yake anauza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) sokoni, akasema chupa ina mengi. Mwenzake akabisha: mama yake anauza mawese (mafuta ya mchikichi), na mafuta ya kopo moja hata ukiyatia kwenye chupa ndefu, bei haibadiliki. Wakabishana, Kiswahili kikichanganyika na Mashi, lugha ya kienyeji ya hapa kwetu, darasa zima likasimama. Mimi niliuliza tu, "Tutajuaje?" Yule wa sambaza akanyamaza, akaishika chupa kwa mikono miwili, akarudisha maji kwenye kopo polepole. Yakafika kwenye mkwaruzo uleule wa kopo yalipokuwa mwanzo. Akayamimina tena kwenye chupa, akayarudisha tena. Halafu akawaeleza wenzake mwenyewe: chupa ni nyembamba, maji hayana pa kwenda ila juu.

Ningeandika kanuni ubaoni, darasa likairudia kwa sauti moja, tungemaliza kwa dakika tano. Na yule msichana angeendelea kuamini chupa ina mengi, ila angejua kutolisema mbele ya mwalimu.

Piaget alipokuwa kijana Paris alipewa kazi ya kupima watoto kwa maswali ya akili, na kilichomvutia zaidi ni majibu yasiyo sahihi: kwa nini watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna moja? Hapo ndipo mimi naona kiini cha ualimu. Mtoto wetu ukimwambia aandike thelathini na tano, anaweza kuandika 305. Wengi wanatia msalaba mwekundu na kupita. Mwambie akueleze. Atakuonyesha kidole: hii 30, hii 5. Amesikia vizuri kabisa na ameandika alichosikia! Kinachokosekana ni kujua kwamba nafasi ya tarakimu ndiyo inayobeba makumi. Mpe vijiti, afunge vifurushi vya kumi kumi, aviweke kushoto, vinavyobaki aviweke kulia. Hicho hakifundishwi kwa kuimba hesabu, na kwa fimbo ndiyo kabisa. Ndugu uliyeshauri achapwe, nakuomba ufikirie upya. Mtoto mwenye hofu anafunga mdomo, na akiufunga, mwalimu hana tena njia ya kujua kichwani mwake kuna nini.

Sasa lugha. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 nayo inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto kama lugha za kufundishia. Hata hivyo mjini shule nyingi zinaanza na Kifaransa siku ya kwanza, na wazazi wanazipendea hilo. Nawaelewa, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi unawasubiri watoto, na chuo kikuu kiko kwa Kifaransa. Mimi pia nataka binti yako akijue vizuri. Lakini angalia kazi anayobebeshwa: kwa Kiswahili herufi "o" inasomeka "o" popote uikutapo, kwa Kifaransa sauti hiyohiyo inaandikwa "o", "au" au "eau". Akianza na Kiswahili anagundua haraka kwamba kusoma ni kuelewa, na ugunduzi huo anahama nao kwenda Kifaransa.

Mtu ataniuliza darasa lililojaa linasikilizwaje. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, dawati la wawili linakaliwa na wanne. Ni kweli, na mwalimu anayechelewa kulipwa ana mzigo mwingine juu ya huo. Ila watoto wanne waliobanana wanaweza kuzungumza. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, alifundisha kwamba kile mtoto anachoweza leo akisaidiwa, kesho atakiweza peke yake, na msaada huo unaweza kutoka kwa mwenzake anayejua zaidi kidogo. Binti wa mawese alimsaidia binti wa sambaza kuliko nilivyoweza mimi.

Kwa hiyo mama, jioni baada ya chakula, muulize siku yake ilikuwaje. Andika sentensi zake mbili tatu kwa Kiswahili kama alivyozisema, hata kama ni Kiswahili cha hapa kwetu, kisha azisome. Atazielewa kwa sababu ni zake. Akizoea, mgeukie ukurasa wa Kifaransa: kwanza aangalie picha akuambie anadhani kuna nini, halafu asome sentensi moja, asimame, akuambie kwa Kiswahili imesema nini. Sentensi tano kwa namna hiyo zinatosha kwa jioni moja. Usimsahihishe matamshi wakati anaeleza.

Mwalimu wake mwendee kwa heshima, baada ya masomo, bila mtoto, umuulize kama darasani wanaruhusiwa kueleza kwa Kiswahili walichosoma. Akikujibu, andika hapa pamoja na jina la kitabu wanachotumia, nikusaidie kuchagua kurasa za kuanzia.