Kisu kikiwa bado kichwani: kwa mnaoanza zamu za upasuaji wa ubongo

Iko siku mtashushiwa mgonjwa kutoka kwenye bajaji, kisu kimesimama kichwani, na ndugu wanafoka mbona hamkitoi. Msikiguse. Zungushieni gozi nene kisitikisike, wekeni drip mbili, chukueni damu ya kupima grupu, kisha waelezeni ndugu kwamba kisu hicho huenda ndicho kizibo cha mshipa kilioutoboa.

Ncha ikiwa imepita karibu na katikati ya kichwa au nyuma ya jicho, CT skani ya kawaida haitoshi. Ombeni na ya mishipa. Picha ikionekana salama msijipe moyo sana, kwa sababu chuma huivuruga. MRI, picha ya sumaku, sahauni.

Mshipa utakaowatoa jasho ni sainasi ya sajita, vena kubwa inayopita katikati, chini tu ya mfupa wa fuvu, kutoka usawa wa paji hadi kisogoni. Theluthi yake ya mbele yaweza kufungwa ikibidi. Kuanzia hapo kwenda nyuma, ukiifunga damu inakosa njia ya kutoka na ubongo unavimba ukiuona. Huko ni kushona, au kuziba kwa kipande cha msuli.

Ndiyo maana mfupa hukatwa kukizunguka kisu, kulia na kushoto, hadi sainasi ionekane mbele na nyuma ya jeraha. Damu ya kumwongezea mgonjwa iwe imeshafika thieta, chumba cha upasuaji. “Iko maabara” si jibu. Kisu hutolewa kwa njia ileile kilikoingilia, bila kukizungusha. Damu ikiruka, wageni wengi hukimbilia koteri, kifaa cha kuchoma mishipa kwa umeme, nayo husinyaza ukuta wa sainasi na kulipanua tundu. Anzeni na kidole juu ya gozi yenye maji. Mkandamizo mdogo unatosha, kwa kuwa presha ya vena ni ndogo.

Kuhusu kulaza kichwa, kubalianeni na daktari wa usingizi mapema. Kikiinuliwa kidogo damu hupungua; kikizidi, sainasi hufyonza hewa. Akisema kabonidioksidi ya pumzi imeshuka ghafla, huenda hewa imeshaingia: mwagieni jeraha maji ya salaini, shusheni kichwa, zibeni.

Ateri iliyojeruhiwa ni kigeugeu: inaweza kutuna polepole na kupasuka wiki kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa keshaanza kudai ruhusa. Picha ya mishipa irudiwe baada ya wiki mbili au tatu. Tarehe iandikwe kwenye fomu ya ruhusa, pamoja na simu ya ndugu anayepokea simu kweli.