Maswali ya Wasomaji: Kura Yako Ndani ya Chama Ina Uzito Gani?

Ndugu wahariri, mgombea niliyemuunga mkono aliongoza kwa kura za wanachama, lakini aliyetangazwa mshindi ni mwenzake. Huo si wizi wa kura?

Inawezekana ni wizi, lakini kabla ya kulishuku sanduku, fungua katiba ya chama chako na usome sehemu ya uchaguzi wa viongozi wa juu. Vyama vingi havihesabu vichwa. Wapiga kura hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupewa fungu lake la matokeo, liwe na watu mia au laki.

Mwaka 2013 chama cha Labor cha Australia kiliwapa wabunge wake nusu ya matokeo na wanachama wa kawaida nusu nyingine. Anthony Albanese alipata takriban asilimia 60 ya kura za wanachama. Bill Shorten alipata kura 55 za wabunge 86, yaani asilimia 64. Ukijumlisha asilimia zake za makundi yote mawili kisha ukagawanya kwa mbili, Shorten anafika asilimia 52, na ndiye aliyeshinda. Wanachama waliopiga kura walikuwa zaidi ya 30,000, kwa hiyo mbunge mmoja alikuwa na nguvu ya wanachama 350 hivi.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa chama chako. Chukua fungu la kila kundi, ligawe kwa idadi ya wapiga kura wa kundi hilo, kisha linganisha majibu. Ifanye kabla ya kampeni, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ni mlango wa nani mgombea wako anapaswa kuubisha.

Angalia pia kama uzito unabadilika katika duru ya pili. Katika uchaguzi wa chama cha LDP cha Japani mwaka 2024, duru ya kwanza ilikuwa na kura 368 za wabunge na kura nyingine 368 zilizogawanywa kufuatana na kura za wanachama. Sanae Takaichi aliongoza kwa 181 dhidi ya 154 za Shigeru Ishiba. Katika duru ya pili wabunge walibaki na kura zao 368, lakini fungu la wanachama lilishuka hadi kura 47, moja kwa kila mkoa. Ishiba akashinda kwa 215 dhidi ya 194. Fungu la wanachama lilikuwa limetoka nusu hadi asilimia 11 hivi, na hakuna kanuni iliyovunjwa.

Mizani nyingine ni ya kijiografia. Chama cha Conservative cha Kanada mwaka 2017 kilikipa kila jimbo la uchaguzi pointi 100. Penye wapiga kura 50, kila kura ilikuwa na pointi 2. Penye wapiga kura 1,000, ilikuwa sehemu ya kumi ya pointi. Utaratibu huu unamlazimisha mgombea kufika hata mahali ambapo chama ni dhaifu, na hilo ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba jimbo lenye wanachama wachache linaweza kutekwa na yeyote atakayeandikisha watu 30.

Nimelipia kadi, nina risiti, lakini jina langu halimo kwenye orodha ya wapiga kura. Kwa nini?

Mara nyingi sababu ni tarehe ya ukomo. Mwaka 2016 chama cha Labour cha Uingereza kilitangaza mwezi Julai kwamba mwanachama aliyejiunga baada ya Januari 12 hatapiga kura. Baadhi yao walikwenda mahakamani na kushinda, lakini mahakama ya rufaa ikatengua ushindi huo. Watu takriban 130,000 waliachwa nje, ingawa asiye mwanachama aliweza kulipa pauni 25 ndani ya siku mbili na kujiandikisha kama mfuasi mwenye haki ya kura. Kwa maoni yetu huo haukuwa uungwana. Ukomo unapaswa kujulikana kabla mtu hajatoa pesa yake.

Sababu nyingine ni ada ya mwaka iliyopitwa, jina kuandikwa tofauti na lililo kwenye kitambulisho, au tawi kuchukua pesa bila kuzipeleka makao makuu. Usingoje siku ya kura. Omba kuliona daftari mara tu linapobandikwa, na kama jina halipo, peleka pingamizi kwa maandishi ukiambatisha nakala ya risiti, kisha ubaki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Muda wa pingamizi huwa ni wa siku chache tu.

Tawi letu lilikubaliana kumpigia mgombea fulani, lakini mjumbe tuliyemtuma inasemekana alimpigia mwingine. Tumfanye nini?

Kama kura ilikuwa ya siri, hamna ushahidi, na msiutafute. Mjumbe akidaiwa picha ya karatasi yake ya kura, hapo ndipo ununuzi wa kura unapofunguliwa mlango.

Elekezeni nguvu kwenye hatua ya awali. Penye wajumbe, ushindi hutengenezwa matawini, kwa kuwa idadi ya wajumbe hutegemea idadi ya wanachama. Ndiyo maana kuna wanachama hewa: mtu mmoja analipia kadi mia ili tawi lipate mjumbe wa ziada. Tawi linapochagua mjumbe, hakikisheni akidi, yaani idadi ya chini ya wanaotakiwa kuhudhuria, imetimia, waliohudhuria wamehesabiwa kwa kadi zao, na muhtasari umesainiwa palepale. Katika mkutano wa ANC wa mwaka 2017, Cyril Ramaphosa alimshinda Nkosazana Dlamini-Zuma kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261, tofauti ya kura 179. Pengo kama hilo linaweza kuzibwa na matawi machache yaliyopikiwa orodha.

Karatasi yetu inataka tupange wagombea kwa namba. Nikiandika 1 tu, nimempa mtu wangu nguvu zaidi?

Hapana. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho hutolewa na kura zake huhamia kwa jina linalofuata kwenye kila karatasi. Mtu wako akitolewa nawe umeandika 1 tu, kura yako inaishia hapo. Katika uchaguzi ule wa Kanada, Maxime Bernier aliongoza duru 12, lakini Andrew Scheer akampita katika ya 13 kwa asilimia 50.95, kwa sababu wengi walikuwa wamempa nafasi ya pili au ya tatu. Usirudie namba, na usiweke alama ya vema mahali pa namba.

Kiongozi tuliyemchagua wanachama ameondolewa na wabunge. Wana haki hiyo?

Inategemea katiba inampa nani ufunguo wa mlango wa kutokea. Kwa Conservative wa Uingereza, wanachama walimchagua Iain Duncan Smith mwaka 2001, na mwaka 2003 wabunge wakamwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75. Kwa Labour mwaka 2016, wabunge 172 walimkataa Jeremy Corbyn na 40 tu wakamuunga mkono, lakini kanuni hazikuipa kura hiyo nguvu ya kumwondoa. Uchaguzi ukarudiwa, naye akashinda kwa karibu asilimia 62.

Soma pia masharti ya wadhamini. Oktoba 2022, Conservative walimtaka kila mgombea awe na wabunge 100 wa kumdhamini. Muda ulipokwisha, Rishi Sunak peke yake ndiye aliyebaki kuwa mgombea, na wanachama hawakupelekewa hata karatasi moja.