Kupiga rangi juu ya wolpepa ya zamani: angalia ukuta kwanza

Mkuu mleta mada, umeuliza kama unaweza kupiga rangi juu ya wolpepa ya zamani kwenye fleti uliyopanga Upanga, maana fundi wako anasema inawezekana. Waliokujibu nusu wanasema piga tu, nusu wanasema utajuta. Wote wako sahihi, ila kila mmoja anazungumzia ukuta wake. Mimi nimefanya yote mawili, nyumba ya familia Ilala na baadaye kwangu Sinza, kisha nikamsaidia shemeji yangu fleti yake huko huko Upanga. Kwa hili joto na unyevu wa Dar, jibu liko kwenye ukuta ulio nyuma ya karatasi.

Ukuta wa ndani, unaotenganisha sebule na chumba, mkavu pande zote mbili na wolpepa imeshika vizuri: piga rangi, hakuna shida. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua, au uliopakana na bafu au jiko: bandua yote, hata kama inaonekana imeshika. Bloku na lipu vinanyonya maji, na wolpepa nyingi za miaka ya karibuni zina plastiki juu. Unyevu ukifika hapo haupiti, unakaa, na fangasi wanajilia gundi na karatasi kwa raha zao. Kwa shemeji kila masika chumba kilikuwa kinanuka uvundo. Wakafua mapazia, wakatupa zulia, wapi! Tulipobandua ukuta unaopakana na bafu, nyuma kulikuwa kweusi tii kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na kwa mbele ua la wolpepa lilikuwa zuri kabisa, huwezi kudhani. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Ukuta kama huo ukiupiga rangi utakuwa umeficha ugonjwa tu.

Kwa hiyo kabla hujaenda Kariakoo kununua chochote, tembea na ukuta ukiugonga kwa vifundo vya vidole. Panapolia wazi, karatasi imeachia. Halafu chagua kona iliyojificha, nyuma ya kabati au mlango, bandua kipande ukubwa wa daftari, ukinuse na uutazame ukuta. Ukitaka uhakika zaidi, hapo palipobaki wazi bandika nailoni angavu kwa selotepu pande zote nne, uiache mpaka kesho. Ikiwa na matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani, na kazi ya kwanza ni kumtafuta fundi bomba, fundi rangi atasubiri. Matone yakiwa upande wa chumbani, hiyo ni hewa yetu tu ya pwani.

Sasa tuseme ukuta ni mkavu na unataka kupiga juu. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu, kwa sababu wanaanza na rangi ya maji moja kwa moja. Gundi ya wolpepa iliwekwa kwa maji, na ikipata maji inalainika tena. Jioni ukuta umependeza, asubuhi umejaa malengelenge. Na yale maua, hasa mekundu na ya rangi ya dhahabu, yanaweza kuchuja yakatokea juu ya rangi nyeupe, hata uongeze mkono wa tatu, yaani upake mara ya tatu, hayaondoki. Koti la kwanza liwe la mafuta: andakoti ya mafuta, ile ya kuchanganya na thina au tapentaini. Hiyo hailowanishi karatasi na inazuia wino.

Kabla yake futa vumbi na mafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, usimwagie maji. Maungio yaliyoinuka yapake gundi nyeupe ya mbao kwa brashi ndogo na uyakandamize. Penye lengelenge pasue kwa wembe alama ya msalaba, weka gundi, laza. Ukipiga andakoti na ikakauka vizuri, ndipo uzibe maungio kwa puti, maana puti nayo ina maji na ukiitanguliza inainua karatasi. Piga msasa laini, gusa tena kwa andakoti pale ulipoziba, halafu pitisha msasa mwepesi ukuta mzima ili rangi ya maji ipate pa kushika. Baada ya hapo mikono miwili ya rangi ya maji isiyong'aa. Usidanganywe na ile ya kung'aa. Jua la jioni likiingia dirishani kila ungio litaonekana. Wolpepa zenye michoro iliyoinuka, zile za mfano wa matofali, achana nazo, mchoro utabaki hata upige rangi gani.

Siku ya andakoti fungua madirisha yote, zima jiko, na watoto walale kwa bibi.

Kubandua nako si kazi ya ajabu, ni uchafu tu. Zima umeme kwenye meinswichi kwanza, maana utakuwa unapulizia maji karibu na soketi. Kama juu ni plastiki, mara nyingi tabaka la juu linabanduka lenyewe ukianzia kwenye kona. Ikigoma, ikwaruze kwa msasa mgumu ili maji yapite. Halafu maji ya moto yenye sabuni, pulizia, subiri, pulizia tena, kwangua kwa skrepa ukiilaza isichimbe lipu. Uvumilivu wa kusubiri ndio unaopunguza kazi, fundi mwenye haraka atakuachia mashimo. Zile za kujibandika zenyewe, za gundi kama ya stika, maji hayazisaidii. Pasha kwa drai ya nywele huku unavuta taratibu.

Ukishamaliza kubandua, osha gundi iliyobaki. Ikibaki, rangi itapasuka nyufa nyembamba. Kama karatasi ilibandikwa kwa gundi ya wanga, kuna njia ya kupima: dondoshea iodini ukutani. Waliosoma baiolojia wanakumbuka ile rangi ya bluu iliyokaribia nyeusi kwenye kipande cha kiazi. Ikigeuka hivyo, bado kuna gundi, osha tena.

Vipimo: chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina ukuta wa mita za mraba 35 hivi, toa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo madebe mawili ya lita 4 yanatosha mikono miwili, na andakoti debe moja. Nunua mwenyewe, na uwepo debe likifunguliwa, kwa sababu maji ya bomba yanaongezwa humo kuliko unavyodhani. Muda mzuri ni Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei sitakushauri, ukuta unakauka kwa kubembelezwa.

Fundi akikutajia bei ya chumba kizima, ujue anavyowahi kumaliza ndivyo anavyopata zaidi, na kupiga juu kunamfaa yeye kuliko wewe. Kubalianeni bei ya kubandua kivyake na ya kupaka kivyake. Na kwa kuwa umepanga, mtumie mwenye nyumba picha ya kile kipande ulichobandua kabla hujaendelea. Ukikuta fangasi au ukuta unaotoa maji, gharama ya bomba kwa kawaida ni yake, na ni rahisi zaidi kuelewana naye kabla hujapaka.