Injini Ikinyamaza Sana, Usifurahi Mapema

Juzi usiku nimeshaanza kusinzia, simu ikalia. Ujumbe wa msomaji mmoja wa Mtwapa: "Ustadh, pikipiki yangu ya Honda nimeifungua injini na kuifunga upya mwenyewe nyumbani. Tapeti hazisikiki kabisa, imetulia kama cherehani mpya. Ila ikipata moto nikaizima, haiwaki tena mpaka ipoe. Kabureta nimeisafisha mara tatu. Nifanyeje?" (Tapeti, kwa asiyejua, ni zile skrubu ndogo za kwenye injini zinazosukuma valvu.)

Nilicheka peke yangu gizani, halafu nikaona haya. Huyu ndugu alikuwa ananisimulia mimi mwenyewe wa miaka minne nyuma. Kwa hivyo kabla sijamjibu mbele yenu, nipeni nafasi nitoe yangu.

Ami yangu alipofariki aliacha Honda C70. Wenye umri wao mnaijua, ile ya injini iliyolala kifudifudi na miguu unaipitisha katikati kama umekalia kiti. Ukoo wake ulianza kuuzwa Japani mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimeshaundwa zaidi ya milioni 100, basi msidhani mimi ndiye wa kwanza kuiharibu. Ami alikuwa akiendea Marikiti kila asubuhi, kikapu mbele, kofia imekaa sawa. Baadaye ikawekwa chini ya mwembe kule Kisauni, kuku wakawa wanataga kwenye kiti chake. Wenzangu walitaka iuzwe kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Nikasema haiuzwi, nitaifufua. Nilikuwa sijawahi kufungua injini maishani mwangu.

Niliifungulia barazani. Miezi ya kutafuta pete za pistoni na gasketi naruka, haina utamu, na habari ya sufuria ya mke wangu niliyooshea spea naruka pia, kwa usalama wangu. Nitasema tu kwamba valvu, yaani vizibo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi, zilikuwa nyeusi kama masizi ya jiko la mkaa. Nikazisaga kwa pasta ya kusagia valvu, nikizungusha kijiti baina ya viganja kama mtu anayepekecha moto, mpaka kila moja ikatoa pete ya kijivu iliyolingana ukingoni. Niliziangalia zile pete kama mtu anavyoangalia cheti cha mtoto wake.

Siku ilipowaka, mtaa mzima ulisikia. Kiki ya tatu tu! Lakini kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ikawa inalia tiki tiki tiki. Kijana wa jirani akaniuliza, "Mzee, hiyo ni pikipiki ama ni taipu?" Watu wakacheka. Na mimi, badala ya kucheka nao, niliumia. Jioni ile nikafungua vifuniko vya tapeti, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa sikio, injini inanguruma, mpaka ikanyamaza kabisa. Wiki nzima nikawa nazunguka Bombolulu na Kongowea nikiwapa lifti watu wasioniomba, wapate kusikia kimya changu.

Halafu ikaja siku ya feri. Nimetoka Kisauni, nimevuka daraja la Nyali, foleni ya mjini imenibana, nafika Likoni injini inachemka. Nikaizima nikingoja. Feri ikatia nanga, watu wakaanza kushuka kama siafu, nasi tukaambiwa twende. Napiga kiki, hola. Napiga tena. Kiki yenyewe imekuwa nyepesi, unakanyaga kama unakanyaga mto wa sufi. Nyuma yangu bajaji inapiga honi, mama mmoja na karai lake la samaki ananiambia, "Baba, sogea basi, samaki wataoza." Nikaisukuma mpaka ndani, jasho linanitoka, na nilipofika ng'ambo nikanywa dafu, nikakaa kama dakika arobaini hivi. Nikapiga kiki moja, ikawaka, kimya kama kawaida yake.

Kwa mwezi mzima nikawa mteja wa gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi akasema plagi, nikanunua plagi. Akasema koili, nikanunua koili. Akasema kabureta, akaniuzia mpya ya Kichina ambayo nayo ikawa inavuja. Nilipomrudia mara ya nne aliwaambia vijana wake mbele yangu, "Mwalimu wa darasani huyu, injini ataziwezea wapi." Maneno hayo bado ninayo. Hakuna hata mmoja pale aliyegusa tapeti, kwa sababu hazikuwa zinalia.

Nilikuja kuigundua mwenyewe. Ikiwa ya moto nilitoa plagi, nikaziba tundu kwa kidole gumba juu ya kitambaa, nikasukuma kiki kwa mkono. Pumzi haikunisukuma kidole, ilikuwa inapotelea mahali. Nikatoa hedi, nikaigeuza, nikamimina mafuta ya taa kwenye njia ya moshi. Kabla sijahesabu kumi, tone likachungulia pembeni mwa valvu, likadondoka, likafuata jingine. Valvu ilipotoka nikaona ukingo wake umeliwa kipande kama umbo la kucha ya kidole kidogo. Ninayo hadi leo, iko dirishani.

Sasa sikilizeni vizuri, na wewe wa Mtwapa hasa. Kati ya roka, ule mkono mdogo wenye skrubu ya tapeti unaoisukuma valvu ifunguke, na mkia wa valvu lazima ibaki nafasi. Kwa C70 ni milimita 0.05, injini ikiwa baridi. Hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi, jicho haliioni na sikio halipimi. Chuma kikipata moto kinarefuka. Ukiwa umeimaliza nafasi yote ili upate kimya, valvu ikirefuka haina pa kwenda, inabaki imeinuliwa unyoya tu kutoka kwenye kikalio chake, ule ukingo inapofungia. Pumzi inavuja, kiki inakuwa nyepesi. Na valvu ya moshi hupoa kwa kukaa kwenye kikalio. Isipokaa haipoi, inaungua. Mimi nilijiongezea na jingine: unapoisaga, valvu inazama kidogo, mkia unapanda juu, ile nafasi inapungua hata kabla hujagusa skrubu. Kwa hivyo ukisha kusaga, pima.

Nunua fila, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Yangu ya kwanza niliitoa Mwembe Tayari kwa shilingi 350, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ile karatasi yake nyembamba ilishika kutu mwezi uleule. Ifute kwa oili kila ukimaliza. Pima alfajiri baada ya swala, injini imelala usiku kucha. Hapa kwetu saa nne asubuhi hakuna tena kitu cha baridi. Fungua kifuniko cha kushoto, zungusha magneti, lile gurudumu linalozunguka pamoja na injini, mpaka alama ya T ikutane na alama ya kwenye bodi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Injini hii humaliza kazi yake moja kwa magneti kuzunguka mara mbili, kwa hivyo T inakuja mara mbili, na unayoitaka ni ile pistoni inapokuja kubana, wala si ile inapotoa moshi. Watakwambia tikisa roka, zikicheza zote mbili uko sawa. Ni kweli, ila kama umeshazikaza kama mimi, hazitacheza popote, utazungusha mpaka adhuhuri. Tumia kidole gumba kwenye tundu la plagi: ikikusukuma, endelea mpaka T. Au fungua kifuniko cha mviringo kwenye hedi, uone alama ya O ya gia ya kamu (mhimili unaosukuma roka) imeelekea kwenye pengo lake.

Legeza nati, ni spana namba 9, tia fila, kaza mpaka karatasi inapita kwa kung'ang'ania kidogo, kama uzi unavyopita kwenye kitambaa. Shika skrubu isizunguke, kaza nati. Kisha pima tena, maana nati huondoka na skrubu bila wewe kujua. Injini iliyofungwa upya iendeshe kidogo, iache ilale, pima tena. Ndiyo, nimesema pima mara nyingi. Nitasema tena.

Na vijana, acheni kutengeneza vitu kwa ajili ya masikio ya jirani. Tapeti inayolia kidogo inakusalimia, inakwambia bado ina nafasi. Mimi nilinunua kimya kwa bei ya valvu, koili, kabureta na heshima yangu pale ferini, kwa sababu ya mzaha wa mtoto wa shule. Ukiona unafanya kazi huku unafikiria nani atacheka, weka spana chini kwanza.

Jana jioni yule ndugu wa Mtwapa akanijibu. Amepima. Valvu ya kuvuta inapitisha fila kwa shida. Ya moshi, kile kifuniko chake cha chini karibu na gurudumu kimegoma kufunguka, na spana ya 17 imeanza kukata kona zake. Nimemwambia aache kulazimisha, akipake oili ya kupenya, alale, na asubuhi atumie soketi badala ya spana. Na plagi na kabureta mpya alizotaka kununua leo, pesa akae nazo.